Mtoto Asiyeitikia Salamu na Swali la Utu

Katika mwambao wa Tanga, tangu Moa na Jasini karibu na mpaka hadi Pangani na Kipumbwi, salamu ndiyo mlango wa utu. Mtu hapiti mbele ya baraza bila ya kuamkia. Mtoto hapokei kitu mkononi mwa mkubwa kabla hajasema shikamoo akasikia marahaba. Maswali ya hujambo, habari za nyumbani na habari za tangu jana hayaulizwi kwa kutaka habari pekee. Kila aulizaye humwambia mwenzake kuwa amemwona, na kila ajibuye hukiri kuwa ameonekana. Kwa njia hiyo wazee wetu walijenga ujirani kati ya Mdigo, Mbondei, Msegeju, Mzigua, Msambaa na mgeni aliyeshuka jahazini. Urithi huo ni mwema, nasi hatuandiki ili kuupunguza thamani.

Lakini kila kipimo kina mpaka wake, na mwenye busara huujua mpaka wa kipimo chake. Ikiwa salamu ndiyo mlango wa utu, je, mtoto asiyeitikia salamu yuko wapi? Hatumsemi mtoto mkaidi, wala mtoto kiziwi. Twamsema mtoto aliye na masikio mazima, ambaye huitwa jina lake mara tano asigeuke, lakini husikia karatasi ya sukari ikifunguliwa katika chumba cha pili. Ambaye huvipanga vifuu vya nazi mstari mmoja toka asubuhi hadi adhuhuri na hulia kwa uchungu mwenziwe akikisogeza kimoja. Ambaye hurudia neno aliloambiwa badala ya kulijibu, au hasemi kabisa. Ambaye huziba masikio ngoma ipigwapo na mashine ya kusaga ingurumapo. Mtoto huyo yumo katika vijiji na mitaa yetu, na siku zote alikuwamo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika mwaka 2021 mtu mmoja katika kila watu 127 ulimwenguni alikuwa na hali hiyo. Kwa hesabu hiyo, hakuna shule kubwa ya msingi katika mkoa wetu ambayo haimhusu, ama yumo darasani bila kutambuliwa, ama yuko nyumbani kwa kuwa hakupokewa.

Hali hiyo kwa Kiswahili cha leo huitwa usonji. Baadhi ya Waswahili, hasa upande wa Kenya, huiita tawahudi, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo ndani yake mna maana ya umoja na upweke. Wazungu nao walilitoa neno lao katika Kiyunani, kutokana na neno lenye maana ya nafsi, kana kwamba mtoto huyo amejifungia katika nafsi yake. Majina yote haya yanaeleza jinsi mtoto anavyoonekana na aliye nje. Hayaelezi jinsi anavyouona ulimwengu yeye mwenyewe aliye ndani. Tusisahau upungufu huo wa majina, maana tutaurudia.

Kabla ya majina hayo kuenea, jamii yetu ilikuwa na maelezo yake. Wako wasemao kwamba mtoto ana pepo, au kwamba alibadilishwa na shetani alipoachwa peke yake wakati wa magharibi. Wako wasemao kuwa ni laana, au hasada ya jirani. Uchunguzi uliofanywa katika mwambao wa Kenya, Kilifi na Mombasa, na kuchapishwa mwaka 2015, uliwakuta wazazi na wataalamu wakitaja sababu za namna hiyo, pepo wabaya, uchawi na laana, pamoja na sababu za maradhi, shida za uzazi na urithi. Watu wa pande mbili za mpaka wa Horohoro ni ndugu, na hapana shaka maelezo yao yanafanana.

Hata hivyo, maelezo yanayoumiza kuliko ya pepo ni yale yanayomwelekea mama. Lugha yetu ina hazina ya methali za malezi. Twasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Twasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Twasema samaki mkunje angali mbichi. Methali hizi ni kweli katika mambo mengi, lakini zikitamkwa mbele ya mama wa mtoto huyu hugeuka fimbo. Mtoto hakuamkia: mamaye hakumfunza. Mtoto alijitupa chini sokoni akapiga mayowe: mamaye amemdekeza. Basi mama huanza kutoka nyumbani peke yake, huacha kwenda arusini na matangani, na mwisho mtoto hubaki nyuma ya mlango uliofungwa. Aibu imefanya kile ambacho maradhi hayakukifanya.

Isidhaniwe kwamba kosa hili ni la watu wasiosoma. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, na maelezo yake ndiyo yaliyoifanya hali hii ijulikane kwa wengi. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna alieleza watoto wa namna iliyo karibu na hiyo. Na kabla yao, katika miaka ya 1920, daktari mwanamke wa Moscow, Grunya Sukhareva, alikwisha kuandika juu ya watoto kama hao. Lakini wataalamu walipotafuta sababu, wengi wao walimtazama mama. Walisema kwamba mtoto hujifungia kwa kuwa mamaye ni baridi, hana mapenzi. Bruno Bettelheim wa Chicago aliishikilia hoja hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1967, na akina mama wengi wa Ulaya na Marekani walibeba lawama ile kwa miaka mingi. Kumbe profesa wa Chicago na jirani wa Ngamiani walikuwa wakisema neno moja kwa lugha mbili.

Hoja hiyo ilivunjwa kwa uchunguzi. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walitoa habari za jozi 21 za pacha wa Uingereza. Katika jozi 11 za pacha wanaofanana kabisa, jozi 4 zilikuwa na usonji kwa pacha wote wawili. Katika jozi 10 za pacha wasiofanana, hapakuwa na hata jozi moja. Pacha wa aina zote mbili hulelewa na mama mmoja katika nyumba moja. Basi tofauti ile haikutoka katika malezi, ilitoka katika urithi wa mwili. Uchunguzi mwingi uliofuata umethibitisha kwamba usonji ni namna ubongo unavyokua tangu mwanzo wa maisha, na kwamba urithi una sehemu kubwa. Wala hauletwi na chanjo. Makala iliyodai hivyo katika gazeti la kitabibu la Uingereza mwaka 1998 ilifutwa na gazeti lenyewe mwaka 2010.

Kwetu sisi wa mwambao kuna jambo jingine la kuangaliwa. Mwaka 2006 ilichapishwa habari ya watoto 20 wa Tanzania waliochunguzwa na madaktari, akiwamo Noah Ndosi wa nchini na Susan Folstein yuleyule wa pacha. Watoto 14 kati yao walithibitika kuwa na usonji. Watatu miongoni mwa hao 14 walikuwa wamekua vizuri kwa muda wa miaka miwili au mitatu, kisha hali ikawashika walipoinuka katika malaria kali, yenye homa ya muda mrefu na kifafa cha homa. Idadi hiyo ni ndogo, na haitoshi kutangaza kanuni. Lakini yatosha kutufanya tulitazame upya neno letu la degedege. Wazee walimwogopa ndege wa degedege, wakasema kwamba akipita juu ya mtoto humwacha si yule. Juu ya ndege huenda walikosea. Juu ya mtoto aliyebadilika baada ya homa, macho yao hayakuwadanganya. Mkoa huu ambao una kituo cha kale cha utafiti wa malaria huko Amani, na ambao Korogwe yake ilikuwa mojawapo ya mahali pa kuijaribia chanjo ya malaria, una sababu ya kujua kwamba kumkimbiza mtoto mwenye homa hospitalini ni kuulinda ubongo wake pamoja na uhai wake.

Sasa tuseme namna ya kumtambua. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kuonyesha usonji. Hutambuliwa kwa kumtazama mtoto, na mtaalamu mwenye uzoefu aweza kuwa na hakika mtoto afikishapo umri wa miaka miwili hivi. Hapa ndipo utamaduni wetu unapokuwa pazia na taa kwa wakati mmoja.

Ni pazia kwa sababu baadhi ya dalili zilizoandikwa na wageni kwetu ni adabu. Vitabu vyao husema mtoto hatazami watu machoni. Kwetu mtoto amkaziaye macho mkubwa huonywa. Husema mtoto ni mkimya. Kwetu msichana mkimya husifiwa kwa haya, na kwa hiyo wasichana wenye usonji hujificha chini ya sifa hiyo mpaka wakawa wakubwa. Husema mtoto hachezi na vitu vya kuchezea vya dukani. Wengi wa watoto wetu hawana vitu hivyo. Atakayepima kwa orodha ya wageni peke yake atawakosa walio nayo na kuwadhania wasio nayo.

Lakini utamaduni huo huo ni taa. Mtoto wa mwambao hakui mbele ya macho mawili tu. Yuko bibi, shangazi, mjomba, mama mdogo, na watoto wa majirani. Bibi aliyelea watoto kumi ana kipimo ambacho daktari kijana hana. Na amtazame mjukuu wake hivi. Je, afikapo miezi tisa hadi mwaka, hugeuka aitwapo jina lake? Je, akibembelezwa kwa wimbo na kutekenywa, hungojea kwa furaha sehemu ya kutekenywa irudi? Je, afikapo mwaka na nusu, huonyesha kwa kidole, si kwa kuomba embe tu, bali kwa kutaka na wewe uione ndege au mashua anayoiona yeye? Je, hukuletea kitu kwa kukuonyesha tu? Je, wenziwe wakipika mchanga katika vifuu, naye hukubali kwamba mchanga ni ubwabwa? Je, wakicheza kibe, hufahamu kwamba mwenziwe amejificha ili atafutwe? Je, alikuwa na maneno machache kisha yakapotea? Dalili moja peke yake si hoja, maana watoto hawakui kwa saa moja. Zikikusanyika, na hasa ile ya kutoshirikisha wengine katika anachokiona, haifai kungoja.

Jambo la kwanza ni masikio kupimwa, kwa kuwa kiziwi naye haitiki. Mara nyingi tofauti yao huonekana kwa mzazi mwangalifu: mtoto kiziwi hutafuta uso wako na husema kwa mikono, mtoto mwenye usonji huweza kuuchukua mkono wako akauweka juu ya kitasa cha mlango, kana kwamba mkono ni ufunguo, bila kukutazama wewe mwenye mkono. Mizani ya kliniki itaonyesha kwamba mtoto ana kilo za kutosha. Mambo haya hayaonekani katika mizani. Lazima yasemwe na mzazi, na lazima mhudumu ayasikilize.

Yupo atakayeuliza: jina la usonji lina faida gani, ikiwa hakuna dawa ya kuuondoa? Swali ni la haki. Jina humwondolea mama mzigo ambao si wake. Huzuia fedha za nyumba zisiishie katika kafara na matambiko, na humwepusha mtoto na kipigo cha kumfunza kile ambacho kipigo hakiwezi kufunza. Humwonyesha mwalimu njia: kwamba mtoto huyu hufundishika kwa utaratibu usiobadilika, kwa picha na vitu vya kushika, kwa maneno machache, mahali pasipo makelele, na mapema kuliko baadaye. Ila jina hili lisiwe badala ya jina lake. Mwaka 1979 Lorna Wing na Judith Gould wa London walionyesha jinsi hali hii ilivyo na sura nyingi, na baadaye wataalamu wakaiita wigo: yuko asiyesema neno, na yuko anayesema kama kitabu lakini hajui lini anyamaze. Aliyemwona mmoja amemwona mmoja.

Twafika sasa katika swali lenyewe la utu. Methali yetu yasema mtu ni watu. Wengi wetu huisoma kama amri anayopewa mtu: njoo kwa watu, amkia, changanyika, ndipo uwe mtu. Ikisomwa hivyo, mtoto asiyeweza kuja kwa watu amepungukiwa na utu, na wale wanaomfungia ndani hawakufunga kitu kikubwa. Lakini methali hii ina upande wa pili, ambao ndio mzito. Ikiwa mtu ni watu, basi utu wa kila mmoja umewekwa amana mikononi mwa wenziwe. Mtoto mchanga haamkii. Sisi ndio tunaomwamkia, tukamwitikia sisi wenyewe, na hakuna asemaye kwamba hana utu. Maiti haitiki, twamkosha, twamsitiri na kumsindikiza, kwa kuwa utu wake bado uko juu yetu. Mwenye usonji amesimama kati ya wawili hawa, hai na mwenye kuhisi, naye peke yake ndiye tunayemdai jibu kabla ya kumpa haki. Dai hilo halina msingi katika desturi yetu wenyewe.

Mwingine atasema kwamba tukiisamehe salamu kwa mmoja, tutailegeza kwa wote. Tumjibu kwa mila ile ile. Mtu aliyemo katika swala akisalimiwa haitikii kwa maneno, na hakuna amwitaye mkosefu wa adabu. Kizuka aliye edani hatazamiwi barazani. Bubu akiinua mkono, salamu yake imetimia. Wazee wetu walikwisha kujua kwamba kuna ukimya usio dharau, na adabu yao ilikuwa pana kuliko tunavyoifanya sisi tunapoigeuza kuwa mtihani. Kumwongeza mtoto huyu katika hesabu ya walio na udhuru si kuvunja mila. Ni kuifikisha inakotaka kwenda. Nasi twasema kila siku kwamba hujafa hujaumbika.

Kuhusu mahali pa kumweka mtoto, mkoa wetu una historia ya kufikiriwa. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianzishwa mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na baada ya miaka michache ikawa mahali pa kuwatunzia wagonjwa wa akili, pa kwanza pa namna hiyo katika Afrika Mashariki. Kwa muda mrefu wenye shida za akili walijulikana kwa njia mbili tu: kupelekwa mbali au kufichwa karibu. Njia ya tatu ni kulelewa mbele ya watu. Huko Irente, karibu na Lushoto, Kanisa la Kilutheri lina shule ya wasioona na pia shule ya watoto wenye ulemavu wa akili, ambamo wenye usonji pia hupokewa. Taifa nalo, tangu lilipotangaza elimu ya msingi kwa wote katika miaka ya 1970, lilijifunga kwa neno hilo la wote. Na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeitaja elimu kuwa haki yao. Neno limekwisha kusemwa. Kinachobaki ni madarasa, walimu waliofundishwa kazi hiyo, na wazazi wasioona haya kumleta mtoto.

Tuzingatie habari ya mtoto wa kwanza katika wale 11 wa Kanner. Jina lake Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, Mississippi. Mwaka 1937, kabla hajatimiza miaka minne, alipelekwa katika nyumba ya kutunzia watoto, akadhoofika. Wazazi wake wakamrudisha nyumbani mwaka uliofuata. Baadaye alikaa kwa mkulima mmoja na mkewe. Walimkuta ana shauku ya kupima vitu, wakampa kazi ya kuchimba kisima na kusema kina chake. Walimkuta akihesabu mistari ya mahindi bila kukoma, wakamfundisha kulima huku akihesabu. Alikua, akasoma, akafanya kazi katika benki ya mji wao, na watu wa mji walimzoea kwa tabia zake zote. Alifariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Wakulima wale hawakuwa madaktari. Walichofanya ni kutazama mtoto anafuata nini, kisha wakaiweka kazi katika njia hiyo.

Je, nasi hatuna kazi za namna hiyo? Kuna nazi za kuhesabiwa na kupangwa mafungu, kuna ukili wa kusukwa kwa mpango usiobadilika, kuna kamba za mwani za kufungwa fundo baada ya fundo, kuna nyuzi za mkonge za kuchambuliwa. Mtoto apendaye mstari na hesabu si mgeni katika uchumi wa mwambao. Wako ambao hawataweza hata kazi hizo, na watahitaji kulishwa na kuvishwa maisha yao yote. Nao haki yao haipungui kwa kadiri ya kazi yao, maana hatukusema kwamba utu hununuliwa kwa nazi.

Kwa hiyo tunamwomba kila anayepita mbele ya nyumba yenye mtoto wa namna hii asilipize kimya kwa kimya. Amsalimu kwa jina lake, kwa sauti ya chini, asimkazie macho wala kumshika, apite. Kesho amsalimu tena. Huenda itachukua mwaka kabla mtoto hajatoa ishara, na huenda asitoe kamwe. Amwamkie na mamaye, amuulize habari za nyumbani, na angoje jibu. Salamu tuliyorithi ilikuwa kwanza ni kitu cha kutolewa, kabla hatujaifanya kuwa deni la kudaiwa. Na jamii hupimwa kwa salamu inazozitoa pale isipotarajia kuitikiwa.